Mbweni, na kubadhi lililokatika

Nashona nguo Kiembe Samaki, barazani kwa shangazi yangu, mwaka wa kumi na sita sasa. Kazi ya kukaa. Asubuhi mpaka alasiri mguu uko kwenye pedeli, mgongo umepinda kama ndoana, na ikifika jioni magoti yanalia kama mlango wa banda la kuku. Nilipokwenda kwa daktari aliniangalia magoti, akaniangalia na kiuno, akaandika dawa ya kupaka, kisha akasema, "Na utembee, mama." Hakusema nitembee wapi.

Mashoga zangu wawili hutembea alfajiri kando ya barabara ya Uwanja wa Ndege. Nilikwenda nao siku mbili. Wanakwenda mbio kama wanawahi maziko, na maneno hawayaachi, tena maneno ya watu. Siku ya tatu nikawaambia n'na wageni. Jumamosi ile nikavaa makubadhi yangu, nikatia mkobani chupa ya maji, mtandio wa akiba na kile kikopo changu cha sindano ambacho hakiniachi hata nikienda harusini, nikashika njia ya Mbweni peke yangu.

Kwa asiyepajua, Mbweni iko kusini ya Mji Mkongwe, kilomita tano au sita hivi, pwani, upande huuhuu wa uwanja wa ndege. Siku hizi ni mtaa wa watu wenye nafasi. Ukiacha njia kuu na kuingia ndani, kitu cha mwanzo unachokutana nacho ni kuta: ukuta, geti, ukuta, geti, kamera, kisha ukuta tena. Mabogenvilia yanamwagika kwa juu kama yanayotaka kutoroka. Ndege zinapita chini mpaka unaona magurudumu, na kila ikipita moja walinzi wanakata mazungumzo, ikishapita wanaendelea palepale kwenye neno waliloliacha. Mlinzi mmoja aliniuliza nakwenda kwa nani. Nikamwambia siendi kwa mtu, natembea. Hakuridhika, lakini hakunizuia.

Bibi yangu mzaa mama alikuwa hasemi Mbweni tu. Akisema "Mbweni kwa Wamisheni", na lile neno la mwisho alilitamka kwa sauti ya chini kidogo, kama mtu anayetaja ugonjwa wa jirani. Sie watoto tukajua kuwa huko kuna jambo. Jambo lenyewe hatukulijua. Nimekuja kulijua ukubwani, kwa kusoma na kwa kuuliza.

Skuli tulifundishwa soko la watumwa la Mkunazini. Kila mgeni anapelekwa Mkunazini, anaoneshwa vile vyumba vya chini, anapiga picha minyororo, anatoka macho mekundu. Soko lilifungwa Juni 1873, Sultan Barghash alipotia saini mkataba huku Waingereza wamemkalia kooni, na mwaka uleule misheni ikaanza kujenga kanisa papo hapo palipokuwa soko. Hayo tunayajua. Nisilowahi kulisikia darasani ni la kesho yake. Mtu amekamatwa kwao Unyasa, ametembezwa mpaka Kilwa, ametiwa jahazini, manowari ya Kiingereza imelikamata jahazi baharini, akaambiwa: wewe sasa huru. Haya. Anakwenda wapi? Kwao ni nyuma ya ziwa, njia ni ileile aliyoletewa, na wakamataji ni walewale. Usiku ule atalala wapi? Asubuhi atavaa nini?

Jibu mojawapo lilikuwa Mbweni. Mwaka 1871 Askofu Tozer wa misheni ya Kianglikana, ile iliyojulikana kwa herufi zake UMCA, alinunua shamba hapa, na watu waliotolewa majahazini wakaletwa kukaa. Walipewa pa kujenga kibanda na kipande cha ardhi cha kulima. Pakawa kijiji. Miaka ile ya mwanzo lilikuwa jambo la ajabu kidogo ukilifikiria, kwa sababu mkataba wa 1873 ulikataza biashara ya kusafirisha watu baharini na kufunga masoko; utumwa wenyewe uliendelea kuwa halali Unguja mpaka 1897, na masuria mpaka 1909. Kwa hiyo kwa zaidi ya miaka ishirini mtu wa Mbweni aliamka huru, akatoka mlangoni kwake, na katika shamba la karafuu la upande wa pili akamwona mwenzake, pengine wa jahazi la mwaka uliotangulia, akichuma karafuu za bwana.

Nilikuwa nayawaza hayo, siangalii chini, ndipo kubadhi likanikatikia.

Lilikuwa la mguu wa kulia. Ukanda ule unaopita juu ya vidole ulichomoka upande mmoja, nikajikwaa kwenye jiwe, nikadaka ukuta. Hakuna aliyeniona ila paka. Nikaenda hatua chache naburura mguu kama bata, na mbele yangu, nyuma ya minazi, likatokea kanisa.

Ni Kanisa la Mtakatifu Yohana, lililojengwa miaka ya 1880. Mawe yake ni mawe yetu, ya matumbawe, na chokaa yake ni chokaa yetu, ileile iliyojenga Mji Mkongwe. Umbo ndilo si letu. Lina mnara mnene uliosimama kama mtu aliyefunga mikono, na linakaa katikati ya makaburi yake kama makanisa ya vijijini Uingereza ninayoyaona kwenye filamu. Mtu alikuwa na picha ya kwao kichwani, akawapa mafundi wa huku vifaa vya huku, wakaishona picha ile kwa kitambaa walichonacho. Najua kazi hiyo. Nimeletewa mara ngapi simu yenye picha ya gauni la Uturuki na mita tatu za satini ya Darajani!

Mzee mmoja alikuwa akifagia kwa ufagio wa chelewa. Nikampigia salamu kutoka nje.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba, mwanangu. Umepotea?"

"Sikupotea. Kiatu kimenisaliti."

Akaja akakitazama kwa makini, kama anayetazama jeraha. "Ingia ukae kivulini," akasema. Nikasitasita kidogo, mimi na buibui langu, akanisoma. "Ngazi haina dini. Kaa."

Nikakaa kwenye ngazi. Sasa kushona ngozi si kama kushona nguo. Ngozi ukiitoboa tundu jipya karibu na la zamani, itachanika baina ya matundu mawili kama stempu, kwa hiyo lazima upite kwenye matundu yaleyale ya fundi wa mwanzo. Nilikuwa na shazia ndogo, ninayoshonea vifungo vya makoti, na uzi mnene wa jinzi. Nta sikuwa nayo. Uzi mkavu kwenye ngozi hausogei, na ukisogea unakatika.

"Mzee, una kipande cha mshumaa?"

Akacheka. "Hapa? Hicho ndicho hatuna uhaba nacho." Akaingia ndani akarudi na kisiki cha mshumaa mweupe, urefu wa kidole gumba, utambi umeungua mpaka mwisho. Nikakata uzi pima moja, nikaukunja, nikaupitisha juu ya mshumaa mara ya kwanza, ya pili, ya tatu, nikiubana kwa dole gumba, mpaka ukaanza kupiga kelele ile ndogo ya "kwi" na kusimama wenyewe kama waya. Hapo ndipo unajua umekubali. Nikaanza: mbele tundu mbili, nyuma moja, mbele mbili, nyuma moja, kila nikivuta natia mguu wa pili nikanyage ukanda usinitoroke.

Mzee hakurudi kwenye ufagio. Alikaa ngazi ya chini akatazama mikono yangu.

"Nani kakufunza?"

"Shangazi."

"Mimi bibi yangu alifunzwa na mama yake, na mama yake alifunzwa hapa," akasema, akanyoosha kidole upande wa bahari. "Kule kwenye skuli iliyobomoka."

Nikamuuliza zaidi. Mama wa bibi yake alishushwa jahazini akiwa mtoto wa kubadilisha meno. Jina alilobatizwa lipo, mzee analijua, limeandikwa. Jina aliloitwa na mama yake mzazi hakuna aliyelishika. Kabila nalo ni la kubahatisha. Jamaa zake wengine husema Myao, wengine Mnyasa, na mzee mwenyewe amechoka kubishana, akiulizwa anasema "Mmbweni". Kitu kimoja kilichobaki kwa yule mtoto, kimepita kwa mabinti wawili kikamfikia kitukuu wa kiume aliyekikumbuka bila ya kukijua, ni namna ya kushika pindo la nguo kwa kidole cha pete wakati wa kushona. Alinionesha. Vidole vyake vimekakamaa, lakini kile cha pete kilijua mahali pake.

Skuli aliyoinyoshea kidole ni ya wasichana, ya Mtakatifu Maria. Mwaka 1877 alikuja Mwingereza mmoja, Caroline Thackeray, akaishika kama mwalimu mkuu mpaka 1902, robo karne, na alipostaafu hakurudi kwao. Alikaa hapahapa Mbweni mpaka akafa mwaka 1926. Amezikwa kwenye makaburi ya kanisa hili. Wasichana walioonekana kushika kitabu aliwatayarisha kuwa walimu. Wale walioonekana kitabu hakiwaingii walipelekwa upande wa kazi za mikono: kushona, kupika, kufua na kupiga pasi. Nilipoyasoma hayo mara ya kwanza niliguna. Yaani fundi ni mtu aliyeshindwa! Mwambie aliyeyapanga hayo anikatie kola ya kanzu, tuone nani kitabu hakimuingii.

Lakini pia, na hili nimelifikiria sana nikiwa mashineni, kuna maana kubwa kwa mtu aliyetoka jahazini kujishonea nguo yake. Mtumwa alivaa merikani, lile bafta jeupe lisilotiwa rangi lililoletwa na meli za Marekani ndiyo likapewa jina hilo, au kaniki, merikani iliyochovywa nili mpaka ikawa nyeusi. Ukimwona mtu njiani ulijua ni nani kwa kitambaa. Kanga zilipotoka, mwisho wa karne ile ya 19, waliozikimbilia kwa shauku kubwa ni wanawake waliotoka utumwani. Kanga ilikuwa na rangi, na aliyeivaa hakuna aliyeweza kumtazama kwa mbali akasema: yule wa fulani. Sisi leo tunapigania doti ya kanga kwa ajili ya jina lake tu.

Ukanda ukakaa. Nikafunga fundo upande wa ndani lisinichome, nikalipiga jiwe kidogo lilale. Mzee akalivuta kwa nguvu, akaridhika. Nilipotaka kumrudishia kisiki cha mshumaa akakataa, akasema nikiweke kwenye kikopo changu. Halafu akasimama, akasema, "Ngoja," kwa sauti ya mtu aliyekuwa akitafuta namna ya kulisema neno tangu mwanzo.

Akarudi na kitambaa kimekunjwa. Kitambaa cha altare, pamba nyeupe, pindo limefumuka upande mzima na panya wameonja pembe moja. Aliyekuwa akiwashonea amehamia Dar kwa mwanawe. "Ningekuomba," akasema, "lakini sijui kama utaona vibaya."

Nikakitazama. Pindo la zamani lilishonwa kwa mkono, mishono midogo kama mbegu za ufuta, inakwenda sawa mstari mzima bila ya kuyumba, mpaka pale panya walipofika. Sikumuuliza kakishona nani. Nikakikunja nikakitia mkobani.

Makaburi nilipita polepole. La Bibi Thackeray linajulikana. Mengi ya wenyeji ni madogo, kuna ambayo yamebaki msalaba wa saruji uliolala ubavu, na kuna ambayo yamebaki mwinuko tu na nazi iliyoanguka juu yake. Jiwe moja lilikuwa na maandishi yaliyolika na mvua. Macho hayakusoma kitu. Nikapitisha kidole, kama ninavyotafuta mshono kwenye kitambaa cheusi usiku umeme ukikatika, na kidole kikasoma herufi tatu za mwanzo. Baada ya hapo ni ukungu wa kijani na konokono.

Si wote waliokaa hapa. Mwaka 1876 Askofu Steere, aliyeshika nafasi ya Tozer, alichukua kundi la walioachwa huru akavuka nao mpaka Lindi, wakashika njia ya bara, nia ikiwa kuwarudisha upande wa Nyasa walikotoka. Walipofika Masasi wakaona panafaa, wakakaa. Masasi ile ya leo, ya Mtwara, ya korosho, mwanzo wa misheni yake ni watu waliotembea kwa miguu kurudi kwao wakaishia njiani. Na wasichana waliosoma hapa wengi waliolewa na vijana wa Kiungani, skuli ya wavulana iliyokuwa baina ya Mbweni na mjini, wakapelekwa bara wawili wawili, mwalimu mume na mwalimu mke. Kiungani ndiko alikosoma Cecil Majaliwa, Myao aliyetolewa utumwani akiwa mdogo, ambaye mwaka 1890 alikuwa padri wa kwanza Mwafrika wa misheni ile. Watoto hao waliingia hapa kila mmoja na lugha yake, Kiyao, Kinyasa, Kimakua, wakatoka na Kiunguja. Ukisikia Kiswahili cha vitabu kimejengwa juu ya Kiunguja, usiwafikirie waungwana wa Mji Mkongwe peke yao. Wafikirie na hawa waliokipeleka bara mdomoni.

Kubadhi likiwa zima nikashuka upande wa bahari. Huku ndiko iliko nyumba ya Kirk. John Kirk alikuwa daktari na mtu wa mimea kutoka Scotland. Alisafiri na Livingstone Mto Zambezi kuanzia 1858, akaja Unguja 1866, akaishia kuwa balozi mdogo wa Uingereza, na yeye ndiye aliyemkabili Barghash siku za ule mkataba. Mjini alikuwa balozi. Mbweni alikuwa mkulima wa bustani. Alipanda, alijaribu, alipelekeana mbegu na miche na bustani ya Kew kule London. Mti wa kwetu uliompa sifa ni mtambaazi wa mwituni unaotoa utomvu wa mpira, alioutambulisha kwa wataalamu wa Ulaya nao wakaupa jina lake. Ni jamii moja na mbungo huu tunaoukamua juisi. Wenyeji walikuwa wakiujua utomvu ule kabla yake bila ya shaka. Huwezi kugundua kitu ambacho mtoto anakichezea uwanjani. Na kima punju wetu wa Jozani, mwenye mgongo mwekundu na nywele kama ametoka kuamka, kwa jina la kitaalamu naye ni wa Kirk. Sijui kima mwenyewe ana maoni gani.

Nyumba ni ya watu, huingii. Nikasimama upande wa pili wa njia, nikatazama inayoonekana juu ya ukuta, miti. Kirk alipoondoka Unguja nyumba ilikuja mikononi mwa Bibi Thackeray. Nilikuwa na hamu ya kunusa kama kuna mlangilangi, maana ilikuwa saa kumi na kwa kawaida jioni ndiyo unatoa harufu, lakini upepo ulikuwa wa baharini na ulileta mwani tu. Bustani za zamani hazipotei kama nyumba. Mbegu zinaliwa na ndege, zinatemwa kwa jirani. Kila nikiona mti nisioujua kwenye uchochoro wa Mbweni nahisi umeruka ukuta wa Kirk.

Magofu ya skuli yako karibu na mikoko, na pembeni yake palijengwa hoteli. Niliuliza ruhusa, nikapewa kwa kichwa, nikaingia.

Paa hakuna. Kuta zimesimama ghorofa mbili, matao bado ni matao, na mti umekaa juu ya ukuta kama mtoto juu ya mabega ya babake, mizizi inateremka pande mbili mpaka chini. Sehemu ya nyumba ni ya zamani kuliko misheni. Ilikuwa nyumba ya Mwarabu, na misheni iliongeza vyumba na kanisa dogo juu ya kile ilichokikuta. Mahali plasta ilipodondoka nikaona jiwe lenyewe: tumbawe, na ndani yake nyota ndogo ndogo, mamia, kila moja na miale yake. Yule mdudu wa baharini aliyejenga nyumba yake zamani ndiye anayeshikilia nyumba hii. Nikatia kucha kwenye chokaa ya kiungo. Ikatoka unga, na ndani ya unga kipande cha kombe kisichoungua vizuri tanuuni.

Juu kidogo ya kichwa changu palikuwa na mstari wa matundu, yamepangwa kama matundu ya vifungo. Boriti zilikaa humo, miti ya mikoko iliyoshikilia sakafu ya juu. Ukijua boriti unajua chumba: mkoko haurefuki kupita mita tatu hivi bila ya kunyong'onyea, ndiyo maana vyumba vya nyumba zetu za kale ni virefu lakini vyembamba. Upana wa chumba unafuata boriti kama upana wa gauni unavyofuata mpande wa kitambaa. Unaweza kuongeza urefu utakavyo. Upana umeshaamuliwa dukani.

Nilisimama chini ya yale matundu nikajaribu kukisia wapi ulikuwa upande wa kushona. Mimi ningechagua chumba cha mashariki, mwanga wa asubuhi haudanganyi rangi, na ningekaa karibu na dirisha, mgongo ukutani nisipigwe na upepo uzi ukaruka. Kwenye dirisha moja la upande huo kizingiti cha jiwe kimelika katikati, kimekuwa laini kama sabuni iliyotumika. Pengine ni mvua. Nikakaa juu yake. Kinalingana na kukaa kwa mtu mfupi.

Nikarudi kwa njia ileile, kubadhi halikulalamika, magoti yalilalamika kidogo. Yule mlinzi alinipungia mkono safari hii.

Nyumbani nikamuonesha shangazi kitambaa. Akakishika kwa ncha za vidole.

"Kitambaa cha kanisa? Barazani kwangu?"

"Pindo tu, shangazi."

Akaenda zake jikoni akisemea sufuria. Nikakaa nacho usiku ule, kwa mkono, si kwa mashine. Mashine ingepiga kelele kando ya mishono ile. Uzi nikaupitisha kwenye kisiki cha mshumaa wao. Pale panya walipokula nikatia kiraka cha bafta nyembamba nilichobakisha kwenye kanzu ya bwana harusi mmoja, nikakilaza upande wa chini kisionekane. Mishono yangu imetoka mikubwa kidogo kuliko ya yule wa mwanzo. Nimefumua mara mbili nikarudia, bado mikubwa. Nimeiacha.

Asubuhi nilipoamka kitambaa hakikuwa mahali nilipokiweka. Nilikikuta juu ya kiti, kimepigwa pasi, kimekunjwa mara nne, pembe kwa pembe, na shangazi yuko uani anafagia hataki kuangaliwa usoni.

Jumamosi nakipeleka. Mashoga wameuliza wale wageni wataondoka lini.